Aliyegeuza Picha ya Mzee Abdille

Mapenzi ya Ruweyda na Sakariye yalianza kwa ugomvi juu ya rangi ya mto.

Sakariye ni fundi wa pampu za visima. Wiki nzima yuko njiani na pikapu ya kazi, leo Balambala, kesho Kotile, na kila anakofika hutoa kamera yake ya mtumba akapiga picha za mbuzi, za mawingu, za vikongwe wanaokubali kupigwa na za wanaokataa. Kupiga alijua. Kuzitengeneza baadaye kwenye kompyuta ndiko kulikomshinda. Akauliza mjini, watu wakamwelekeza kwenye duka la vitambaa la Safiyo, kwenye soko la Suuq Mugdi, kwa binti mmoja anayehariri picha za maharusi.

Binti mwenyewe ndiye Ruweyda, na kazi ile hapewi kila mtu. Bibi harusi wa Garissa akivua shela ndani ya ukumbi wa wanawake, picha zake hazionwi na mwanamume wa kando, hata kwa bahati mbaya. Ruweyda alizitengeneza huku skrini imegeukia ukutani, na mama za maharusi walimwamini kuliko walivyowaamini waume zao. Kwa hiyo Sakariye alipoingia akasema anataka kufundishwa, jambo la kwanza alilofanya Ruweyda lilikuwa kufunga laptopu.

"Picha zako nitaziona," alimwambia. "Zangu huzioni."

"Hata moja?"

"Hata kivuli chake."

Eddo Safiyo, shangazi yake Ruweyda na mwenye duka, akaleta kiti cha plastiki, akakiweka katikati yao, akakalia, akaanza kukunja vitambaa. Masomo yakaanza hivyo, mwanafunzi huku, mwalimu kule, shangazi katikati na mlango wazi.

Somo la pili tu, Sakariye alikuja kifua mbele na picha ya Mto Tana aliyoihariri mwenyewe nyumbani. Ruweyda akaitazama picha, akamtazama mwenye picha.

"Mto Tana umekuwa bluu tangu lini?"

"Nimeuongezea uhai."

"Umeuongezea chumvi. Huu mto una rangi ya chai ya maziwa, Sakariye. Kila mtu hapa mjini ameuona."

"Si ulisema nicheze na rangi, mwalimu?"

"Nilisema ucheze. Sikusema urukwe na akili."

Eddo alicheka mpaka vitambaa vikamteleza mapajani. Sakariye akanuna, akakusanya vitu vyake, akaapa hatatia mguu tena duka lile. Jumamosi iliyofuata alikuwa mlangoni kabla halijafunguliwa.

Polepole mwanafunzi akaiva. Alijifunza kwamba picha ya asili haiguswi. Unafanyia kazi nakala, ili ukiharibu uwe na pa kurudi. "Asili haifutwi," Ruweyda alimwambia hata akachoka kuambiwa. Alijifunza kuinua mwanga usoni pa mtu bila kuunguza anga, na kuigeuza picha nzima, kushoto kuwe kulia na kulia kuwe kushoto, pale jicho la mtazamaji linapokataa kuingia pichani. Siku moja akaleta picha ya bikizee wa Kotile anayechuja maziwa kibandani. Uso ulikuwa unatoka gizani taratibu, makunyanzi yote yapo, macho yanacheka. Ruweyda akanyamaza.

"Mbona kimya?" aliuliza Sakariye. "Nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Basi sema kitu. Mimi nimezoea matusi."

Ruweyda akainua macho amjibu. Macho yao yakakutana juu ya kichwa cha Eddo, aliyekuwa ameinama akitafuta mkasi, na hakuna aliyekwepa. Alichotaka kusema kilimtoka akilini chote. Tangu siku ile alijua kwamba anampenda, na alijua kwamba Sakariye naye anajua. Mapenzi ni kikohozi, na Eddo Safiyo hakuwa kiziwi.

"Huyu atume wazee wake," alisema shangazi jioni ile wakifunga duka. "Mimi mgongo wangu umechoka kuwa ukuta."

Wazee wa Sakariye walikuwa tayari. Aliyekuwa hayuko tayari ni Mzee Abdille, baba yake Ruweyda, huko Balambala. Alisema wangoje mvua, mvua ikanyesha. Akasema wangoje ngamia warudi kutoka malishoni, ngamia wakarudi. Safari hii akasema wangoje tu, asitaje wangoje nini. Hakukataa, hakukubali, na posa ya namna hiyo hufa yenyewe, maana wazee wa kijana huona wamedharauliwa wakaenda kubisha mlango mwingine. Tayari mama yake Sakariye alikuwa ameanza kumtaja taja binamu fulani wa Eldas, msichana mwenye adabu, anayejua kupika. Ruweyda aliposikia habari za binamu huyo alimchukia bila kumwona.

Ndipo pampu ya Balambala ikaharibika, na aliyetumwa kuitengeneza akawa Sakariye. Ruweyda alimshukuru Mungu kwa ajili ya ile pampu. Na kweli mambo yalikwenda vizuri. Mzee Abdille alimkaribisha kijana maziwa, wakanywa pamoja, akakubali hata kupigwa picha mbele ya Adey, yule ngamia wake mweupe anayempenda kuliko baadhi ya ndugu zake. "Hiyo mtumie dada yangu Safiyo," mzee aliagiza. Sakariye akaihariri, akamtumia Eddo, na Eddo kwa furaha akairusha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mzima bila kumuuliza mtu.

Picha ilikuwa nzuri, wallahi. Mzee amekaa kigodani, shuka begani, kikombe cha bati mkononi, ngamia nyuma yake, na vumbi la jioni limegeuka dhahabu. Ruweyda aliirudia na kuirudia, akajivunia mwanafunzi wake. Hakuona kosa lolote. Alisomea bweni akakulia mjini, na ngamia kwake ni shingo ndefu na maziwa basi.

Wanaojua ngamia waliliona hapo hapo. Wa kwanza alikuwa ami yake Ruweyda, Jelle wa Kotile, aliyetuma sauti kwenye kundi: "Abdille, picha imependeza. Lakini umeanza lini kukaa mbele ya ngamia wa watu?"

Ngamia wa Abdille hupigwa chapa ya moto shingoni, upande wa kushoto. Ngamia wa kwenye picha alikuwa na chapa upande wa kulia. Na kulia ndiko wanakochoma jamaa fulani wa ng'ambo ya mto, ambao walikuwa wamepotelewa na ngamia mweupe na bado walikuwa wanamtafuta. Picha ikatoka kwenye kundi la ukoo, ikapita simu hadi simu mpaka ikavuka mto, na huko haikumchekesha mtu.

Jumanne alasiri Mzee Abdille akaingia dukani kwa dada yake, vumbi la safari lingali miguuni, shuka limemfunika kutoka begani hadi vidoleni. Eddo alikuwa amekwisha kumwita Sakariye, naye alikuwa amesimama kule nyuma karibu na meza ya laptopu, rangi imemtoka usoni.

"Asalaam aleykum, Adeer," alisema, akimwita mzee baba mdogo kama adabu inavyotaka.

"Waalaykum salaam." Mzee alijibu kwa sababu salamu ni ya Mungu, si ya Sakariye. "Aliyeitengeneza ile picha ni wewe."

"Ni mimi."

"Jana watu wamekuja kwangu. Wanaume wazima, wenye ndevu, wamezunguka katikati ya ngamia wangu wakikagua shingo, mmoja baada ya mwingine, mama yake Ruweyda anatazama na watoto wa jirani wanatazama. Unajua walisema nini walipomkosa waliyemtafuta?"

"Sijui, Adeer."

"Walisema wa kwenye picha nimemficha."

Wakaingia wateja wawili pale mbele, na Eddo akaenda kuwapokea kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake ili yanayosemwa nyuma yasisikike.

"Kosa ni langu," alisema Sakariye. "Ngamia ni wako. Niliigeuza picha."

"Uliigeuza vipi?"

"Aabo, ni kama unavyojiona kwenye kioo," Ruweyda alimwingilia baba yake, maana aliona kijana anazama. "Kushoto kunakuwa kulia. Chapa ikahama na picha. Hakukuwa na ubaya wowote, ni mimi niliyemfundisha."

"Sikuuliza nani kamfundisha. Nauliza kwa nini aligeuza. Adey ana kasoro gani akisimama alivyosimama?"

Sakariye alitazama sakafu. "Niliona inapendeza zaidi."

"Inapendeza." Mzee alilitafuna neno lile. "Mimi nimeitwa mwizi wa ngamia katika umri huu kwa sababu inapendeza."

"Nitakwenda kwa wale wazee mwenyewe, Adeer. Nitaapa mbele yao."

"Kiapo chako hawakitaki. Wanataka picha ilivyokuwa kabla hujaitia mkono, na mimi ndiyo niliyoifuata hapa. Itoe nikaionyeshe, yaishe."

Jambo dogo kabisa. Ruweyda alishusha pumzi, akamgeukia Sakariye amwone akitoa simu. Sakariye hakutoa kitu.

"Sina, Adeer. Niliifuta."

Ruweyda alimkodolea macho. Uongo. Kijana huyu alikuwa ameweka hata picha alizoziba lenzi kwa kidole, na alipoulizwa za nini alijibu, "Asili haifutwi, mwalimu." Sasa anamdanganya Mzee Abdille, ana kwa ana, na yeye Ruweyda amesimama pale anasikia. Kwa nini? Wazo baya lilimpitia kwamba labda yule ngamia kweli si Adey, akalifukuza, likarudi.

"Umeifuta," alisema Mzee Abdille taratibu. "Basi na jina langu umelifuta. Sikia, kijana. Wazee wako waambie wasije kwangu. Si Ijumaa hii wala nyingine."

"Aabo!"

"Nimemaliza."

"Hujamaliza, Aabo, tafadhali ngoja." Ruweyda alikuwa amekwisha kufungua laptopu. "Ile ya kwanza haina haja. Hii hii nikiigeuza tena inarudi ilivyokuwa. Ni kubofya mara moja tu."

"Ruweyda." Sauti ya Sakariye ilikuwa ya chini sana. "Usiiguse."

"Kwa nini?"

"Nakuomba. Usiiguse."

"Unataka nikukose kwa ajili ya kubofya mara moja?" Maneno yalimtoka mbele ya baba yake, na aibu haikuja mpaka yalipokwisha kutoka. "Huoni anatuachanisha? Huoni?"

"Naona."

"Basi niambie sababu."

Sakariye alimtazama, na lo, mtazamo ule ulikuwa na mapenzi yote ya zile Jumamosi na haukuwa na jibu hata moja. "Bora iwe hivyo," akasema.

Bora iwe hivyo! Ruweyda aliona giza. Miezi yote ile, macho yote yale, halafu bora iwe hivyo. Hasira ikamshika, na kwa hasira hiyo akabofya.

Picha ikageuka. Adey akahamisha kichwa upande wa pili, na chapa ikakaa kushoto mwa shingo, mahali ilipochomwa.

"Haya, Aabo," alisema Ruweyda. "Tazama mwenyewe. Chapa iko kushoto. Si mwizi wewe, wala..."

Akanyamaza, maana baba yake hakuwa anamtazama ngamia.

Kikombe cha bati kilikuwa mdomoni pa Mzee Abdille, na kilishikwa kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mapajani, nusu umefunikwa na shuka, vidole vimejikunja. Abdille huyu huyu, aliyewafundisha watoto wake wote kwa kijiti kwamba mkono wa kushoto hauli wala haunywi, alikuwa anakunywa kwa kushoto mbele ya mgeni.

Bila kufikiri, Ruweyda aliigeuzia skrini ukutani, kama anavyofanya kwa maharusi wake. Kule mbele Eddo alikuwa bado anabishana na wateja juu ya bei.

"Aabo," alisema. "Mkono wako."

Mzee alivuta kiti kwa mkono wa kushoto, akakaa, na safari hii Ruweyda aliona. Kisha akamtazama Sakariye, na ukali wote ulikuwa umemtoka.

"Uliona."

"Niliona, Adeer."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile. Ulipopokea kikombe ulinitazama kama nimeona, nikajifanya natengeneza kamera."

"Nami nikakisahau kikombe, nikakwambia uitume."

"Kukataa kuituma nisingeweza. Na kuituma ilivyo nisingeweza pia, nilijua itafika kwa watu. Nikakumbuka mwalimu alivyonifundisha kugeuza. Mkono ukakaa vizuri."

"Ngamia ukamsahau."

"Ngamia nikamsahau. Mimi ni mtu wa pampu, Adeer."

Mdomo wa mzee ulitikisika kidogo, kama mtu anayekataa kucheka msibani.

Lakini Ruweyda hakuwa na kicheko. "Ulijua baba yangu anaumwa," alimwambia Sakariye, machozi yameshaanza. "Ulikuja hapa, ukakaa mbele yangu, ukanisimulia mwanga wa jioni ulivyokuwa mzuri. Na ulijua."

"Sikujua kama anaumwa. Nilijua anaficha. Kama baba hajamwambia binti yake, mimi ni nani nimtangulie?"

"Ungeniambia mimi!"

"Nilimwambia yeye. Nilimwambia Garissa kuna daktari, nitampeleka."

"Alisema," mzee alikiri. "Nikamjibu mgonjwa ni pampu, aitibu hiyo aende zake."

Ruweyda alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, akafunua shuka, akautoa ule mkono. Vidole vilikuwa baridi na vizito. Mkono huu ndio uliombeba begani akiwa mdogo, ndio uliomfuta machozi siku aliyopelekwa bweni.

"Tangu lini, Aabo?"

"Tangu kiangazi. Niliamka alfajiri nauita, hauniitikii. Baadaye ukarudi kidogo. Kushika ndiko hauwezi."

"Na hukuniambia. Mtoto wako."

"Ningekwambiaje, aabo?" Alimwita jina lile lile analoitwa yeye, kama wababa wa huku wanavyowaita watoto wao wanapowaonea huruma. "Siku ya kumwoza binti, shekhe amekaa, wazee wa pande zote mbili wametoa macho, baba hushika mkono wa kijana, kulia kwa kulia, akatamka maneno. Mkono wangu haushiki kijiko. Utaanguka mapajani mbele ya watu, waseme Abdille amekwisha. Nikasema wangoje mvua, utapona. Wangoje ngamia, utapona. Haukupona."

Ruweyda alimtazama baba yake kana kwamba hajawahi kumwona. Miezi ile yote aliamini anamkatalia. Alimlaumu mbele ya Eddo, alimlaumu kwenye sala zake.

"Kumbe hukumkataa Sakariye."

"Nimkatae kwa lipi? Amekunywa maziwa yangu akaomba tena. Niliyekuwa nikimkataa ni huu hapa." Akauonyesha mkono wake kwa kidevu. Kisha akamgeukia kijana. "Na wewe ungekubali kumkosa binti yangu, uende zako umenyamaza?"

"Nisingekuwa na furaha, Adeer. Nafikiri nisingepata furaha tena. Lakini mtu akishaficha kitu chake nikakiona kwa bahati mbaya, si changu hicho. Ningemwoaje binti yako baada ya kukuvua nguo mbele ya ukoo?"

Ruweyda alilia waziwazi sasa. Alikumbuka skrini yake inayotazama ukuta mwaka mzima, na jinsi alivyojiona mtunza siri hodari wa mji huu. Aliyemfundisha kugeuza picha alikuwa yeye, na la kusitiri hakuwa na haja ya kumfundisha.

"Nisamehe," alimwambia. "Nilidhani hunitaki."

"Nilijua utadhani hivyo," alisema Sakariye. "Hapo ndipo paliponiuma."

Wateja walikuwa wameondoka. Eddo Safiyo alikuwa amesimama nyuma yao, kitambaa mkononi, na hakuna aliyejua amesikia tangu wapi. Macho yake yalisema amesikia ya kutosha.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, Abdille," alisema. "Mimi ni dada yako wa tumbo moja. Ulitaka nije nijue sandani?"

"Nigombeze baadaye, Safiyo. Hilo la ngamia halijaisha." Mzee alijinyoosha kitini. "Ruweyda, tuma hiyo picha kwenye kundi. Hiyo ya kweli."

"Adeer, ngoja," Sakariye aliwahi. "Naweza kuikata. Nikibakisha shingo ya Adey peke yake, chapa itaonekana na wewe hutaonekana."

"Watauliza mmekata nini. Mmeshageuza mara moja, kijana, hamna ruhusa ya pili."

"Wataona mkono, Aabo," alisema Ruweyda.

"Na wauone. Nimeitwa mwizi tangu jana. Kuitwa mgonjwa ni kama kupewa jina la heshima."

Ruweyda akatuma. Mzee akaomba simu ya dada yake, akaiinua kwa kushoto bila kujificha, akaanza kuongea kwa sauti ile anayotumia visimani.

"Jelle, na wengine wote mnaosikia. Picha ilivyopigwa ndiyo hiyo. Tazameni shingo ya Adey, mridhike, muwapelekee na wale wa ng'ambo ya mto. Halafu tazameni mkono wangu, mridhike pia. Wa kulia umelala. Mwenye udhuru Mungu amemruhusu, kwa hiyo anayetaka kucheka anicheke akiwa peke yake. Na kijana aliyegeuza picha alinisitiri mimi. Atakayemtukana amenitukana mimi."

Alimrudishia Eddo simu. Haukupita muda simu ikaanza kulia, Jelle kwanza, kisha wengine, na mzee hakutaka kupokea hata mmoja. Eddo alipokea kwa niaba yake, akatoka nayo nje huku anajibu na kulia na kumsifu Mungu kwa pamoja.

"Waryaa, kijana," aliita Mzee Abdille.

"Naam, Adeer."

"Wazee wako wanakuja lini kwangu?"

Sakariye alimtazama Ruweyda, akamtazama mzee, asijue kama amesikia vizuri. "Umesema wasije."

"Nimesema mengi leo. Ninayosema sasa ndiyo ya kushika. Waje Ijumaa, wanywe maziwa, waongee, nami nitaitikia. Lakini lisikilize hili vizuri. Binti yangu simwozi kwa mkono wa kushoto. Daktari akisema mkono huu unataka mwezi, utangoja mwezi. Akisema mwaka, utangoja mwaka."

"Adeer, hata ukinipa wa kushoto mimi nitaupokea."

"Wewe utapokea. Mimi ndiye sitoi."

Ruweyda alikuwa bado ameushika ule mkono. Alihisi vidole vya baba yake vinajikaza juu ya vyake, kwa udhaifu, lakini vinajikaza, naye akaangua kicheko katikati ya machozi asiweze kukizuia.

"Basi kesho asubuhi nakuja kukuchukua," alisema Sakariye. "Nakupeleka hospitali mwenyewe. Nitakuwa mlangoni baada ya sala ya alfajiri."

"Alfajiri? Daktari gani anafungua alfajiri?"

"Tutamngoja."

Mzee alimkagua kuanzia viatu hadi kichwani, kama anavyokagua ngamia sokoni, na safari hii hakukizuia kicheko. "Naona una haraka ya kuuponya mkono huu kuliko mwenyewe."

"Ninayo, Adeer. Wallahi ninayo," alisema Sakariye, na aliyekuwa akimtazama ni Ruweyda.